Nyumba Imeingia Maji: Namna ya Kuikausha Isiote Ukungu

Mvua za Dodoma ni chache, lakini kati ya Desemba na Aprili zinaweza kushuka kwa kishindo. Korongo likifurika, au bati likiachia misumari, vyumba vinaloa kwa muda mfupi. Ukungu huweza kuanza kuota kwenye kitu kibichi ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo usingoje mvua ziishe. Hewa yetu kavu inasaidia, na hiyo hiyo inadanganya: uso wa ukuta hukauka haraka huku tofali la ndani bado limebeba maji.

1. Umeme kwanza. Zima mein swichi kabla hujakanyaga maji. Kama huifikii bila kupita majini, usiiguse; ita fundi umeme au TANESCO. Vaa gamubuti na glavu za mpira, maana maji ya mtaani huwa yamepitia vyoo vya shimo.

2. Toa maji na vitu. Chota tope likiwa bado bichi. Godoro la sponji lililokunywa maji machafu litupe, na kabati la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) lililovimba vilevile, halirudi. Mbao ya mninga huokoka, ila ikaushe kivulini, jua kali huipinda.

3. Fungua panapojificha maji. Dari la jipsamu likibonyea, weka ndoo chini na ulitoboe kabla halijaanguka lenyewe. Ukuta wa bodi ukate hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji. Kapeti la plastiki ling'oe lote. Sakafu iliyo chini yake haipumui. Rangi iliyotoa malengelenge ikwangue, hasa ya mafuta, kwa sababu inaziba njia ya unyevu kutoka.

4. Kausha. Fungua madirisha hewa ya nje ikiwa kavu, kwa kawaida saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Feni iweke dirishani ikipuliza kuelekea nje, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Ikizunguka katikati ya chumba kilichofungwa inahamisha unyevu tu. Mvua ikinyesha, funga. Makabati yaache mbali na ukuta, angalau upana wa kiganja. Jiko la mkaa usiliingize kabisa: kaboni monoksaidi haina harufu, nayo inaua waliolala.

5. Osha. Sabuni na brashi kwanza, kwani uchafu huipunguzia klorini nguvu. Kwa vigae na sakafu iliyosiribwa vizuri, changanya mililita 250 za klorini ya nyumbani kwa lita 4 za maji, iache dakika 10, kisha suuza. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu. Kwenye plasta wazi na mbao klorini ni kazi bure: maji yake huzama ndani, dawa yenyewe hubaki juu, na umeongeza unyevu. Hapo lowesha kidogo, kwangua ukiwa na barakoa, na plasta iliyooza ibomoe. Kusugua ukungu mkavu kunarusha mbegu zake chumba kizima.

6. Pima kabla ya rangi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, fundi akitaka skimu (tabaka la kulainisha ukuta) leo na rangi kesho. Bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 ukutani, uizibe pande zote nne kwa selotepu, uiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, au ukuta umegeuka rangi, subiri wiki moja urudie. Ukuta mnene unaweza kuchukua zaidi ya mwezi.

Weupe unaotokea ukutani si lazima uwe ukungu. Nyunyizia maji: ukiyeyuka ni chumvi, nayo ni ya kawaida pale nyumba ilipojengwa kwa maji ya kisima chenye chumvi. Iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha inarudi ndani ya ukuta.

Unyevu ukirudi chini tu ya ukuta, kiangazi hata masika, usilaumu mafuriko. Toka nje uangalie kama udongo umepanda juu ya DPC, ile tabaka ya kuzuia unyevu inayolazwa kati ya msingi na ukuta. Ukiwa umepanda, uchimbe ushuke sentimita 15 chini yake, na utengeneze mteremko wa kupeleka maji mbali na msingi.