Jinsi ya kujitengenezea kishikio cha tochi ya kuzamia kinachokaa juu ya mgongo wa kiganja

Kama umewahi kuzamia usiku ukiwa umeshika tochi unajua shida yake, mkono mmoja unakuwa umeshaisha, yaani kujaza hewa kwenye jaketi la kuelea ni kazi, kutoa maji kwenye maski ni kazi, ukitaka kusoma geji inabidi uihamishe tochi mkono wa pili afu uirudishe. Wazamiaji wa mapangoni walishalitatua hili kwa kitu wanachokiita hendeli ya Goodman, ni bamba dogo linalokaa mgongoni mwa kiganja, tochi inafungwa juu yake, vidole vinabaki huru na mwanga unaenda kule ngumi yako inakoelekea. Kitu hichi unaweza kujitengenezea nyumbani kwa mchana mmoja, na kikatoshea mkono wako kuliko cha kununua.

Ya kwanza mi niliikunja kwa bamba la alumini nikalifunga kwa bolti za stenlesi, kwa macho ilikuwa safi kabisa, ila alumini na stenlesi zikigusana kwenye maji ya chumvi alumini ndo inayoliwa, baada ya muda nikaanza kuona unga mweupe kuzunguka matundu ya bolti. Na hilo bado sio kubwa, kubwa ni kwamba bamba lililokunjwa halibadiliki saizi wakati mkono wako ukiwa chini ya maji unabadilika. Glavu ya neopreni, ule mpira laini wa nguo za kuzamia, imejaa vipovu vya gesi, ukifika mita 10 presha imeshakuwa mara 2 ya ile ya juu, mita 30 ni mara 4, vipovu vinabanwa na glavu inakuwa nyembamba, kwa hiyo kishikio kilichokukaa sawasawa kwenye boti kule chini kinaanza kucheza na mwanga unayumba, ukisema ukibane kabisa kwa ajili ya kule chini basi huku juu kinakukaba mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndo maana sasa hivi natumia bamba la plastiki na kamba ya mpira, kamba inavutika na kurudi yenyewe kadiri glavu inavyobadilika.

Vitu vyenyewe ni kipande cha bomba la PVC la kipenyo cha milimita 110 lenye ukuta wa milimita 3 hivi, kamba ya mpira ile iliyosukiwa nyuzi kwa nje, unene milimita 5 au 6, mita moja inatosha na inabaki, klempu 2 za hosi za stenlesi zinazotosha kuzunguka tochi na bamba kwa pamoja, kipande cha tyubu ya baiskeli, na vipande 2 vifupi vya hosi laini ambayo kamba inapita ndani yake. Kwa upande wa zana ni msumeno wa chuma, drili, tupa na msasa.

Kabla ya kukata chochote vaa glavu yako nene kuliko zote, kunja ngumi, afu pima. Upana ni toka fundo la kidole cha shahada mpaka la kidole kidogo, toa sentimita moja, watu wengi itakuja kwenye 7 au 8. Urefu ni toka nyuma ya mafundo ya vidole kurudi kwenye kifundo cha mkono, na hapa ukate mfupi kuliko unavyodhani, sentimita 6 au 7 tu, kwa sababu bamba likizidi kila ukikunja mkono kurudi nyuma linakuchimba, na chini ya maji unakunja mkono mara nyingi sana.

Kata kipande cha bomba kwa vipimo hivyo. Kitakuwa na mviringo kidogo, na huo mviringo unaufaa mgongo wa mkono, ila mara nyingi umezidi. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 80, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha, tumbukiza kipande dakika chache, kitoe kwa koleo, kikandamize juu ya chupa kubwa uliyoizungushia taulo, kishikilie mpaka kipoe. Usikiweke juu ya moto wa wazi, PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi ambayo inaumiza mapafu, na mapafu yako unayahitaji. Pia usijaribu kukifinyangia kwenye mkono wenyewe kikiwa cha moto hata kama umevaa glavu.

Kikishapoa toboa matundu 4 kwenye kona, sentimita moja toka ukingoni, yawe mapana kidogo kuliko kamba. Afu chukua muda wako kwenye msasa, kingo zote na midomo ya matundu iwe laini kabisa maana tundu lenye makali linakata kamba polepole na itakatika siku ambayo hukutarajia. Kamba ipitishe hivi: ingia tundu la kwanza toka juu kwenda chini, vuka kiganjani, panda tundu la upande wa pili, tembea juu ya bamba mpaka tundu linalofuata, shuka, vuka tena kiganjani, panda tundu la mwisho. Ncha zote 2 piga fundo kwa juu. Kwa vile kamba ni moja, ukikunja ngumi mizunguko yote miwili inagawana mvutano yenyewe. Kabla hujafunga fundo la mwisho ingiza vile vipande vya hosi laini sehemu inayokaa kiganjani ili kamba isikukate, na ncha zichome kidogo kwa kiberiti zisifumuke.

Sasa tochi. Tochi nyingi za kuzamia bodi yake ni alumini, na klempu ni stenlesi, kwa hiyo ile stori ya unga mweupe inarudi palepale kama hujaweka tyubu ya baiskeli katikati, zungushia vizuri, na tyubu hiyo hiyo inazuia tochi isizunguke. Kata mianya pembeni mwa bamba ya kupitishia klempu, na kwa chini gundisha kipande cha neopreni ili chuma kisiguse mkono. Klempu ikae kwenye bodi tu, isiguse swichi, isikae pale kichwa kinapofungukia maana ndo kuna oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, ukipabana vibaya unakaribisha maji. Usitoboe tochi na usiitie gundi. Kichwa cha tochi kitangulie mbele ya mafundo ya vidole la sivyo nusu ya mwanga inapiga ngumi yako. Mkia wa klempu uliozidi ukate, upige tupa, uzungushie tepu, la sivyo unachana glavu.

Jaribio la kwanza ni nchi kavu, fumba macho, uivue kwa mkono mmoja tu, ikikugomea legeza kamba mpaka itoke kwa mvuto mmoja. Ndo maana sipendi kabisa kitanzi kinachojifunga kwenye kifundo cha mkono, ukinasa kwenye wavu au kamba ya nanga unataka kitu kinachoachia, bora klipu ndogo kwenye tochi ya kuining'iniza kwenye pete ya jaketi ukiwa huitumii. Afu nenda bwawani, baadae mchana kwenye maji mafupi, usiku uwe mwisho kabisa, na tochi ya akiba uwe nayo mfukoni, mapangoni wanabeba 3 kila mtu.

Mi naivaa mkono wa kushoto. Ukitaka kumpa mwenzio ishara ya vidole tumia mkono wa kulia na uumulike kwa huu wa kushoto, ukipunga mkono wenye tochi unampofusha. Duara kubwa la polepole la mwanga chini ya mwenzio maana yake ni "niko sawa", kupeleka mwanga huku na huku haraka haraka ni dharura, kwa hiyo jizoeze kutuliza mkono usije ukamshtua mtu bure. Ukitoka loweka yote kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na mara moja moja fungua klempu uoshe chini ya ile tyubu, chumvi inajificha hapo.