Jinsi ya kupima mtu alivyogeuka katili: kesi ya Akayesu

Ukianza kwa kumwita mtu shetani, uchunguzi umekufa, maana shetani haulizwi kwa nini. Anza na kesi ambayo ushahidi wake umepimwa mahakamani. Inayofundisha zaidi ni ya Jean-Paul Akayesu, meya wa komuni ya Taba nchini Rwanda na aliyewahi kuwa mwalimu. Mwaka 1998, jijini Arusha, alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari.

Piga safu nne daftarini: tarehe, alichojua, alichoweza, alichotenda. Jaza kwa matukio tu. Neno kama "mkatili" lisiingie humo, litafunika kila kitu.

Safu zikijaa, jambo zito linajitokeza. Mauaji yalianza nchini tarehe 7 Aprili 1994, lakini mahakama ilikuta kwamba hadi tarehe 18 Akayesu alijitahidi kuzuia vurugu Taba. Siku hiyo serikali ya muda ilikutana na mameya mjini Gitarama. Kesho yake, huko Gishyeshye, aliuhimiza umati uungane kummaliza adui mmoja, yaani washirika wa Inkotanyi (wapiganaji wa RPF, kundi la waasi lenye Watutsi wengi), na waliomsikia walielewa kuwa ni Watutsi. Tia alama kati ya tarehe hizo mbili. Alikuwa mtu yuleyule, mwenye elimu ileile na majirani walewale. Tuna methali kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Taba watu waliuawa na waliowajua kwa majina.

Kisha orodhesha maneno yaliyotumika na wakati wake. Redio RTLM, iliyoeneza chuki dhidi ya Watutsi, ilikuwa hewani tangu Julai 1993. Mtutsi akaitwa inyenzi, yaani mende, na kuua kukaitwa kazi. Aliyezoea kusikia hivyo alilikuta panga limeshapewa jina la heshima.

Wengi hukosea kwenye woga. Akayesu alijitetea kwamba hakuwa na uwezo. Uliza: woga unaeleza kitendo gani? Unaweza kueleza kunyamaza, kujificha, kukimbia. Hauelezi kuhutubia umati, wala kuwepo na kuwatia moyo wabakaji, wanawake walipobakwa kwenye ofisi ya komuni yake. Na kueleza si kusamehe; ukichanganya hayo mawili utaogopa kuuliza maswali magumu.

Mwisho tafuta mtu wa kulinganisha naye, wa eneo hilohilo, mwenye nguvu ndogo zaidi. Ruhango, pia katika mkoa wa Gitarama wa wakati huo, Zura Karuhimbi, mganga wa kienyeji mwenye umri mkubwa, aliwaficha watu zaidi ya 100 na kuwatisha wauaji kwa mizimu. Hakuwa na askari hata mmoja. Meya alikuwa na polisi wa komuni. Andika hilo kwenye safu ya alichoweza, na kwa mtu yeyote ambaye safu hiyo bado ni tupu, usitoe hukumu.