Namna ya Kulisoma Ghala la Kale la Chumvi Kabla ya Kulikarabati

Anayerithi ghala la kale kando ya maji, liwe Mikindani au Lindi, mahali Mto Lukuledi unapoingia baharini, mara nyingi humwita kwanza fundi wa saruji. Ninaomba asifanye hivyo. Ukuta ulioegemewa na chumvi kwa miaka mingi hutunza alama za kazi yake, na lipu ya saruji huzifuta alama hizo na kuuharibu ukuta wenyewe.

Anza kwa kupima upana wa vyumba kwa ndani. Katika majengo ya matumbawe na chokaa ya pwani yetu, dari zito la mawe lilibebwa na boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kuvuka nafasi inayozidi sana mita 3. Kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Ukikuta chumba kipana, tafuta sakafuni msingi wa ukuta uliobomolewa. Angalia pia mlango mkubwa unaelekea wapi, kwani chumvi ni mzigo mzito na ilifaa ipakuliwe karibu na chombo. Ndiyo maana hata maghala sita ya chumvi ya Lübeck, Ujerumani, yaliyojengwa kwa matofali kati ya 1579 na 1745, yamesimama ukingoni kabisa mwa Mto Trave.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni chumvi yenyewe. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi hunyonya maji na ukuta hutoka jasho. Kiangazi kikifika, maji hukauka, chembe hukua ndani ya vitundu vya jiwe na kubandua lipu. Chora kwa penseli mpaka wa unyevu huo. Ukiwa umepanda kutoka chini kwenye kuta zote, chanzo chake ni maji ya ardhini. Lakini unga mweupe ukiwa upande mmoja tu, hadi kimo cha kifua, yaelekea hapo ndipo chumvi ilipolundikwa. Piga picha, kisha waamkie wazee wa mtaa na uwaulize kama alama hizo zinalingana na wanayoyakumbuka.

Unga huo ufagie ukiwa mkavu, kwa brashi laini, uuzoe na kuutupa mbali; usiuoshe, kwa sababu maji huurudisha ndani ya jiwe. Piga lipu ya chokaa, sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga wa bara, kamwe si wa ufukweni. Lipu hiyo itanyonya chumvi na kuchakaa mapema kuliko jiwe, nayo ndiyo kazi yake. Ikichakaa, ibandue na upige nyingine. Chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hai usiinunue, maana Ghuba ya Mikindani imekwisha kuumizwa vya kutosha na uchimbaji huo.

Mwishowe, acha kipande cha ukuta chenye upana wa mita 1 bila lipu, penye alama zilizo wazi zaidi, ili fundi atakayekuja baadaye aweze kuupima tena.