Jinsi ya kukagua hesabu za kura kwenye runinga

Baada ya kura ya urais ya 9 Agosti 2022, Mkenya mwenye rimoti mkononi angemkuta William Ruto akiongoza kwenye stesheni hii, akibadilisha anamkuta Raila Odinga mbele, dakika hiyo hiyo. Stesheni zote zilisoma Fomu 34A zile zile, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, zilizowekwa wazi na tume ya uchaguzi, IEBC, kwenye tovuti yake, kutoka vituo 46,229. Tofauti ile haikuhitaji mwongo. Kila chumba cha habari kilikuwa na watu wake wa kuingiza tarakimu, na kila kimoja kilianzia kwingine. Aliyeanza na fomu za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, hawezi kulingana na aliyeanza Nyanza, ngome ya Odinga.

Kwa hiyo, kabla hujatazama anayeongoza, tafuta idadi ya fomu zilizoingizwa. Huwa pembeni mwa jedwali, kwa maandishi madogo. Igawe kwa jumla ya vituo: fomu 9,000 kati ya 46,229 hazifiki hata asilimia 20, na "asilimia 52" ya hapo ni ya sehemu hiyo tu. Stesheni isiyoonyesha idadi hiyo iache nje ya daftari lako, haipimiki.

Piga picha ya skrini kila nusu saa, nembo na saa vikionekana. Daftarini andika saa, stesheni, idadi ya fomu, na kura za kila mgombea. Andika kura zenyewe, kwani asilimia huficha makosa. Kura za mgombea zikishuka kati ya saa 2:00 na saa 2:30 usiku, kuna kosa limerekebishwa. Je, msomaji wa habari alilitaja? Mimi hapo ndipo ninapoipima stesheni: kukosea tarakimu usiku wa manane kunasameheka, kurekebisha kimyakimya hakusameheki.

Sasa chukua fomu tano kutoka tovuti ya tume, kaunti tofauti. Jumlisha kura za wagombea wote (mwaka 2022 walikuwa wanne); jumla ilingane na kura halali zilizoandikwa chini, na kura halali zisizidi waliosajiliwa. Makosa ya kawaida ni 1 kusomwa 7, sifuri kurukwa, au mistari ya wagombea wawili kubadilishana. Kura zilizokataliwa usizihesabu katika asilimia.

Usilinganishe picha ya saa 3 na ya saa 5. Iliyokuja kwa WhatsApp usiiandike mpaka uione kwenye chaneli ya stesheni yenyewe. Na stesheni mbili zikilingana hadi tarakimu ya mwisho, zihesabu kama shahidi mmoja, huenda moja inanakili.

Matokeo yaliyotangazwa 15 Agosti yalikuwa Ruto 7,176,141 na Odinga 6,942,930. Pengo ni kura 233,211 katika kura halali zaidi ya milioni 14, jembamba kiasi kwamba mpangilio wa fomu peke yake ulitosha kumpindua anayeongoza.

Ukipata kosa lisilorekebishwa, iandikie stesheni kwanza, ukiambatisha picha na nambari ya kituo cha kura. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari, iliyopo chini ya sheria ya 2013. Andika "tarehe 10, saa 2:30 usiku", maana "jana jioni" haimpeleki mtu kwenye rekodi.