Jinsi ya Kuisoma na Kuilinganisha Tafsiri ya Tyndale

Anayetaka kuelewa jinsi Waprotestanti wa kwanza walivyoyatia Maandiko katika Kiingereza aanze na William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilichapishwa Worms, Ujerumani, mwaka 1526, kwa kuwa Uingereza sheria ya kanisa ya tangu 1409 ilikataza kutafsiri bila idhini ya wakuu wake, na askofu wa London alikuwa amekwisha kumnyima msaada.

Toleo linalomfaa msomaji mpya ni lile alilolisahihisha mwenyewe mwaka 1534. Tafuta chapa iliyoacha tahajia ya zamani, kisha usome kwa sauti, kwani neno linalolitatiza jicho mara nyingi sikio hulitambua papo hapo. Usitafute namba za aya, maana Biblia nzima ya Kiingereza yenye namba hizo haikutokea kabla ya ile ya Geneva ya mwaka 1560. Fuata sura, ukiweka Biblia ya Kiswahili kando ili ujue ulipofika.

Usijaribu kulinganisha kitabu kizima. Fuatilia maneno machache, kwa sababu ugomvi wote ulikuwa humo. Katika Mathayo 16, Yesu anapomwambia Petro habari za mwamba, Tyndale hakuandika “church” bali “congregation”, yaani kusanyiko, kwa kuwa ekklesia ya Kigiriki ni watu waliokusanyika. Katika Yakobo 5, presbyteros wa Kigiriki, ambaye Tyndale alimwita “senior” mwaka 1526 akawa “elder”, mzee, wala si “priest”, padri. Katika Mathayo 3, Yohana anawaambia watu watubu, si kwamba wafanye kitubio, yaani malipizi anayoagiza padri baada ya maungamo. Thomas More, mwanasheria Mwingereza aliyelitetea Kanisa Katoliki, alimshambulia Tyndale mwaka 1529 kwa maneno ya namna hii, na kwa maoni yangu aliuona vyema uzito wake: kila moja liligusa mamlaka ya makasisi juu ya dhamiri ya muumini.

Hatimaye fungua tafsiri ya mwaka 1611. Mfalme James wa Uingereza, aliyeitisha tafsiri hiyo, aliagiza maneno ya zamani ya kanisa yadumishwe, hivyo “church” limerudi, na katika 1 Wakorintho 13 “love” ya Tyndale imekuwa “charity”. Lakini ile shaba iliayo na upatu uvumao, mwanzoni mwa sura hiyohiyo, imeachwa kwa maneno yake yaleyale, miaka 75 baada ya yeye kunyongwa na kuchomwa moto huko Vilvoorde, katika Ubelgiji ya leo.