Kupima sensa ya MAP Nairobi: anza na 83, si 101

Sensa ya MAP hupima presha ya hewa ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa, na husomwa kwa kilopaskali (kPa). Vitabu vingi vya ufundi vinasema sensa iliyo nzima isome takriban 101 kPa ufunguo ukiwa ON na injini imezimwa. Hiyo ni presha ya hewa ya usawa wa bahari, na Mombasa ndivyo itakavyosoma. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, kwa hiyo sensa nzima hapa husoma kati ya 82 na 84 kPa. Ukipanda Limuru inashuka hadi karibu 77 au 78. Anayengojea 101 akiwa Industrial Area atanunua sensa mpya, aifunge, aone 83 ileile, na hosi au gasketi inayovuja hewa iendelee kuvuja palepale.

Usiipate presha ya kulinganisha kutoka kwa programu ya hali ya hewa ya simu. Ile hektopaskali 1,015 au zaidi inayoonyeshwa kwa Nairobi imerekebishwa kuwa ya usawa wa bahari. Simu yenye baromita ndani yake itakupa presha halisi, karibu hektopaskali 830, yaani 83 kPa.

Kabla ya kushika spana, hakikisha gari lako linatumia MAP. Honda Fit ya kizazi cha kwanza yenye injini ya L13A inaitumia, na Corolla za zamani zenye 5A-FE pia. Probox yenye 1NZ-FE hupima hewa kwa sensa ya MAF iliyo kwenye njia ya hewa baada ya chujio, na dalili zake za kuvuja ni tofauti. MAF haioni hewa inayoingilia nyuma yake, hivyo petroli inakuwa kidogo kuliko hewa na kodi ya hitilafu P0171 hutokea. MAP hupima presha iliyo ndani ya manifoldi yenyewe. Hewa ya wizi ikiingia, presha inapanda, kompyuta inaiona na kuongeza petroli. Mchanganyiko unabaki karibu na sawa, ila injini inazunguka kasi kana kwamba kuna mguu umekanyaga mafuta kidogo. Ndiyo maana gari la MAP linaweza kuvuja sana na mashine ya kusoma kodi isionyeshe P0171. Utaona mzunguko wa 1,200 au 1,500 kwa dakika badala ya 700 au 800, pengine na kodi P0507 (injini inazunguka kasi mno ikiwa imetulia), au mzunguko unaopanda na kushuka bila kutulia kwa sababu kompyuta inakata petroli kila unapozidi, kisha inairudisha.

Kuna hali mbili zinazokwenda kinyume na hayo. Gasketi ya manifoldi ikivuja kwenye silinda moja tu, sensa inaona wastani wa zote, na silinda ile inakosa petroli ya kutosha. Injini itamisi ikiwa imetulia, kisha ikae sawa ukikanyaga mafuta. Nayo hosi inayokwenda kwenye sensa yenyewe ikipasuka au kuchomoka, sensa inasoma hewa ya nje. Kompyuta inadhani injini imebeba mzigo mzito na kumwaga petroli: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi. Hosi hiyo ndiyo ya kukagua kwanza. Ikunje kwa vidole karibu na ncha zake, kwa maana ufa hujificha mpaka mpira upindwe.

Kwa kupima utahitaji mashine ya OBD2, ile inayochomekwa kwenye soketi ya gari, inayosoma data mubashara. Kifaa kidogo cha ELM327 na simu vinatosha gari likikubali kuongea nacho, ingawa baadhi ya magari ya soko la ndani la Japani hukataa. Tafuta pia multimita na pampu ya vakyumu ya mkono yenye geji.

Washa ufunguo bila kuwasha injini, usome kPa. Ikiwa kati ya 82 na 84, endelea. Ikiwa mbali na hapo, pima waya kabla ya kulaumu sensa. Sensa nyingi zina waya tatu: wa volti 5 unaotoka kwenye kompyuta, wa ardhi, na wa ishara. Ingiza pini nyembamba upande wa nyuma wa plagi ya sensa, usitoboe mpira wa waya, kwa sababu maji ya mvua yataingia na kutu itafuata. Wa kwanza uonyeshe volti kati ya 4.8 na 5.2, na wa ardhi usizidi 0.1. Volti 5 ikikosekana, kosa liko kwenye waya au kompyuta. Volti za ishara hutofautiana kati ya watengenezaji. Hapa zitakuwa chini ya zile za kitabu kwa sababu ileile ya mwinuko.

Sasa chomoa hosi ya sensa na ufunge pampu. Sensa iliyofungwa moja kwa moja kwenye manifoldi ifungue, mara nyingi kwa spana ya 10, kisha uvike mpira wa pampu kwenye pua yake. Vuta inchi 10 za zebaki. Hizo ni 34 kPa, kwa hiyo 83 ishuke hadi karibu 49. Vuta hadi 15, isome karibu 32. Nambari ishuke bila kuruka wala kukwama. Shikilia hapo dakika moja. Sindano ya geji ikirudi nyuma, hakikisha mpira wako umebana, kisha rudia; ikirudi tena, sensa yenyewe inavuja. Usitafute inchi 25, kwa sababu hewa ya Nairobi haina presha ya kufika huko.

Sensa ikipita, washa injini ipate joto kamili, uzime AC na taa, maana mizigo hiyo hupandisha nambari. Injini nyingi zilizo nzima husoma kati ya 28 na 40 kPa zikiwa zimetulia, na mwinuko hauibadilishi sana. Ukitumia geji ya vakyumu badala ya mashine, mwinuko unahesabika: palipoandikwa inchi 17 hadi 22, hapa tarajia 12 hadi 16. Kanyaga mafuta ghafla na uachie. Nambari iruke karibu na 80, ianguke chini ya ile ya mwanzo, kisha irudi. Ikipanda kwa uvivu, tundu la sensa limejaa masizi. Lisafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, wala usilichokonoe kwa waya.

Ukikuta 45 au 50, anza kubana hosi moja moja kwa koleo iliyozungushiwa kitambaa: ya busta ya breki, ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi), ya vali ya mvuke wa petroli. Ile ambayo ukiibana mzunguko na kPa vinashuka pamoja, kaifuate hadi mwisho wake. Ikiwa ni ya busta, usiliendeshe gari mpaka ipone. Kwa gasketi, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio na usikilize mlio ubadilike. Wengi hutumia dawa ya kusafisha karbureta. Inafanya kazi, lakini inawaka moto, na kwenye injini iliyochemka hatuishauri. Kusukuma moshi ndani ya manifoldi uone unapotokea ni bora kuliko vyote, ila ukisukumwa na kompresa uwe chini ya psi 1, la sivyo utapasua sili zilizokuwa nzima.

Kama hakuna hosi wala gasketi inayojibu, hiyo 50 huenda haitokani na kuvuja. Cheni ya taimingi iliyoruka jino, vali zilizobana na ringi zilizochoka huleta nambari hiyohiyo. Shikilia mzunguko wa 2,500 kwa dakika moja: kPa ikizidi kupanda polepole, shuku katalisti ya ekzosi iliyoziba.

Hosi ya vakyumu huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vipuri ya Grogan, Nairobi. Nenda na kipande cha ile ya zamani, upime kipenyo cha ndani, na ukatae mpira laini wa maji ya wipa, kwa sababu hujikunja ndani ukivutwa na hewa. Sensa ikirudishwa, pakaa oringi yake tone la oili safi. Kisha futa kodi, ipashe injini joto tena, AC na taa zikiwa zimezimwa kama mwanzo, na uandike kPa mpya kando ya ile ya zamani.