Kutuliza maumivu ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo baada ya upasuaji wa miguu

Binti yangu hasemi; maumivu yake nayasoma usoni: anakunja ndita, anasaga meno, anakataa uji. Zijue dalili za mwanao, umwambie nesi kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Siku za mwanzo usingoje alie. Mpe dawa kwa saa alizoandika daktari. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, si kwa umri wa kukisia. Mguu ukishtuka na kukaza ghafla ndani ya plasta ngumu aliyofungwa, hiyo ni misuli inayojikaza, na parasetamoli peke yake haitoshi. Ulizia dawa ya kulegeza misuli, kama diazepamu.

Mimi humwekea mto chini ya shavu la mguu, kisigino kikae hewani.

Vidole vikivimba, vikipoa au kubadilika rangi, mrudishe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.